Shu ya Pasaka, Maji ya Mukaka Agar

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 5 mwezi wa tatu 2001

Shemeji yangu Kitsa, salamu mingi katika jina la Bwana. Uko namna gani? Na batoto? Ule mugongo yako ya kuuma ilipona? Sisi huku Butembo tunapumua tu, Mungu asifiwe. Mama yako Agar, ule batoto yangu banaita Mukaka, bibi yabo, iko muzima. Anakula, analala, ananitukana asubui na mangaribi. Donc juu ya afya yake hapana kuogopa.

Tangu njia ya kwenu Kasugho ilifungwa, hakuna mutu wa kubeba barua. Wa mwisho mwenye kujaribu alirudi bila barua na bila biatu. Njo maana nimekamata kayé hii, daftari ya masomo ya batoto. Nitakuandikia siku kwa siku, na siku njia itafunguka utasoma yote mara moja, sawa vile tuko tunaongea pembeni ya moto. Wakati vita ilitutenganisha ulinilomba jambo moja tu: nichunge mama. Namuchunga. Kila asubui anashuka mwenyewe ku chemchemi na kibuyu yake, anakunywa pale pale, anapanda tena anasema kama maji ya kuchemsha ni ya bagonjwa na bazungu.

Sasa shida yangu. Shu. Bengine banaita kabichi. Shamba yetu ya mulimani hatuendake tena, kuko batu ya bunduki. Nimebakia na kipande kidogo pa muteremuko, juu ya chemchemi ya avenue. Udongo imechoka. Shu yangu iko sawa ngumi ya mutoto. Na Pasaka inakuya! Kila shirika ya parokia itapeleka matoleo mbele ya altare. Mwaka ile ilipita padiri aliinua shu ya jirani yetu Maliro na mikono mbili, kanisa yote ikapiga makofi. Tangu ile siku Maliro anatembea sawa mutu mwenye kuumba mvula.

Leo asubui nilikuwa ndani ya choo. Usicheke. Choo yetu imejaa. Choo ya avenue yote imejaa, juu ya bakimbizi ya Eringeti, kila nyumba imekuwa kambi. Nikafikiri: bababu yetu, wakati shimo ya choo ilijaa, balikuwa banapanda ndizi juu yake, na ile ndizi inazaa mpaka inaanguka. Bon. Kama ndizi inapenda, shu itakataa kwa nini?

Nilipiga magoti nikashukuru. Inje ya choo, bien sûr.


Siku ya tano, tarehe 9 mwezi wa tatu

Kisha Njia ya Musalaba, mukutano ya shirika. Nikasimama. Nikasema Kwarezima ni wakati wa kazi ya huruma. Bajane ya avenue bako na choo yenye kujaa, na ni nani atabasaidia? Mimi Mathe. Bila kulipwa. Bamama balipiga makofi. Mama Berthe mujane alilia kabisa. Mimi ni mutu wa kujishusha, lakini niliona.

Maliro peke yake akauliza ile bintu itapelekwa wapi. Nikamujibu kama tuko kwenye maombi, hapana ku tribinali.

Nyumbani muke yangu Rébecca, dada yako, akauliza kama huruma yangu ilishindwa kuona mufereji ya jikoni yetu. Na Mukaka Agar, juu ya kiti yake, akacheka mpaka akakohoa. Akasema bale ba zamani hapana balikuwa banachimbua. Balikuwa banafunika, banaacha miaka mpaka mutu anasahau ilikuwa choo ya nani, kisha njo ndizi.

"Ile kitu ukiizika, umeizika," akaniambia. "Haiko mihogo."

Nikamueleza na heshima kama zamani batu balikuwa na nafasi ya kungojea. Leo ni vita. Kila kitu inapashwa kuenda mbio.

Shida moja. Fasi zingine kazi ya namna hii inafanyika usiku. Huku kuko couvre-feu, jua ikizama basoda banapiga kwanza, banauliza kisha. Donc itakuwa muchana. Mbele ya macho ya batu bote.


Siku ya sita, siku ya posho, tarehe 10 mwezi wa tatu

Nimeanza na choo ya Mama Berthe. Ndoo, kamba, majivu, na kitambaa ku pua. Kitambaa haikusaidia. Kwa kubeba nilikamata bidon za manjano za Rébecca, zile anatia kasiksi yake, pombe ya ndizi. Sikumuuliza, alikuwa sokoni. Nikazipanga juu ya chukudu, baiskeli yangu ya mbao ya kusukuma, nikafunika na majani ya ndizi kusudi batu hapana bashituke. Kazi safi. Muzee moja ku kona akanifuata akilomba kopo moja, atalipa mwisho ya mwezi.

Avenue yetu unaijua, inashuka vibaya. Nilishuka na chukudu. Kisha chukudu ikashuka bila mimi. Bidon moja ikapasuka mbele ya mulango ya Maliro. Nasema kweli, sikuchagua ule mulango. Muke yake akatoka na fagio, akasimama, akarudi ndani, akafunga madirisha yote.

Ile ingine nilimwanga ku shu, kwenye mizizi na hata juu ya majani kidogo, kusudi zikule vizuri. Mbichi vile vile. Nilizitazama sawa baba anatazama batoto ku meza.

Rébecca alirudi, akatafuta bidon zake. Nitalala na mbuzi. Mbuzi zimehamia upande mungine.


Siku ya tatu, tarehe 14 mwezi wa tatu

Bwana alinichunga leo, lakini karibu ashindwe.

Nilitoka ku choo ya mwisho ya avenue, ile ya karibu na barabara kubwa. Huko basoda bameweka bariere mpya. Hawa balifika kutoka Beni juma ile ilipita, sura kavu, macho ndani. Baliona chukudu, bidon za manjano, majani ya ndizi. Balisimama bote. Kasiksi!

Nikasema hapana, bana yangu, ni mbolea. Balicheka sana. Moja akasema kila muchuuzi wa Butembo, ukimukuta na kasiksi, atakuambia ni petroli, ni dawa, ni maji ya baraka. Akafungua. Akamwanga ndani ya kopo. Alikuwa ameziba pua na mafua, mutoto wa watu, hakusikia harufu. Kopo ikafika hapa, karibu na mudomo. Pale akaangalia ndani.

Nilianza Baba Yetu. Niliifikisha mpaka "utusamehe".

Njo komanda akatoka ndani ya hema. Komanda Valentin, mutu ya mbali, wa upande wa Kisangani, Kiswahili yake inatoka na Lingala ndani. Hakucheka. Hakukasirika. Ile iliniogopesha zaidi. Akazunguka chukudu, akauliza natosha buchafu ya choo ya nani. Ya bajane, chef. Akafikiri.

"Muzee, kama unabeba ya raia, utabeba na ya jeshi."

Shimo ya kambi imejaa, akasema. Basoda yake banahara tangu Beni, usiku na muchana, bamoja hawana nguvu ya kushika bunduki. Kesho nianze. Ao nitalala ndani ya hiyo shimo.

Nikasema ni heshima kwangu. Na njiani kurudi nikaona mukono ya Mungu: mbolea ya jeshi muzima! Maliro ana mbuzi mbili tu. Nilimwambia Rébecca kama nimepata kazi kwa serikali. Akauliza serikali gani. Nikauliza chakula iko wapi.


Siku ya ine, tarehe 22 mwezi wa tatu

Shimo ya kambi haina mwisho. Nabeba, inajaa. Nabeba, inajaa. Na ile ya jeshi haiko sawa ya bajane. Ni maji tu, ya rangi nisiyopenda kuandika. Shu zimekunywa mpaka zimeshiba, udongo inatapika. Fasi ya kumwanga hakuna. Donc nimechimba shimo kubwa pa kichwa ya shamba, naweka akiba ndani.

Leo Kalala akafika. Kalala ni agent wa hygiène, wa kuchunga usafi, Mukasaï, Leta, ni kusema serikali, ilimutuma huku mbele ya vita, kisha Leta ikamusahau. Mushahara hakuna, lakini kofia ya kazi anaivaa kila siku. Alisimama pembeni ya shimo yangu. Akaangalia shimo. Akaangalia chemchemi kule chini, bamama banachota. Akaniangalia mimi. 

Akanieleza polepole, sawa mutu anaongea na mugonjwa. Ile kitu ikiwa mbichi, ugonjwa iko ndani muzima. Inaomba kuzikwa na majivu, fasi kavu, mbali na maji, na kuachwa muda murefu. Na ya batu benye kuhara, hiyo hata kuigusa ni hatari. Hapa nimeiweka juu ya kichwa ya batu banakunywa. Nikasema mvula itasafisha. Akasema mvula njo anaogopa.

Nikamwambia na upole kama udongo ya huku haiko sawa udongo ya Kasaï. Nikamukatia shu moja nzuri. Akauliza kama mimi nitaikula. Nikasema ile ni ya kanisa, mimi niko nafunga. Akaiweka chini polepole, akaenda.

Nasikia alifika mpaka kwa chef wa quartier, mukubwa wa mutaa. Chef akauliza ni nani ataenda kumwambia Komanda Valentin kama kazi imesimama. Hakuna mutu aliinua mukono. Donc kazi inaendelea. Sikuiomba mimi.

Lakini shu, Kitsa! Zinafungua mabega. Maliro alipita, akasimama juu ya njia, akaziangalia na wivu ya wazi.

"Mathe, hizi shu ziko na mimba ya nani?"

Nikapangusa jani moja na kitambaa. Mutu mwenye kushinda hajibu.


Siku ya Mungu, tarehe 1 mwezi wa ine

Mvula usiku muzima. Ile ya kupiga mabati mpaka hamusikilizane. Asubui mbele ya misa nikakimbia ku shamba. Shimo ilikuwa imejaa na kupita, na ukuta ya upande wa chini ilianguka. Nikaziba na migomba na mawe. Ile ilitoka imeshatoka, nikafuata alama yake ndani ya majani mpaka nikaona inaenda wapi. Nikaacha kufuata.

Shu ziko sawa kichwa ya ng'ombe. Nasema kweli mbele ya Mungu.

Ku chemchemi bamama balisema maji ina wingu kidogo. Nikasema ni mvula, kila mwaka iko vile. Kisha mudomo yangu ikaongeza yenyewe kama muke ya Maliro anafulaka nguo za batoto pale juu. Bamama bakaangaliana. Kisha misa hakuna aliyemusalimia. Sikupenda ile. Lakini kurekebisha pia sikurekebisha, juu ningeanza wapi?

Mukaka Agar alishuka na kibuyu yake sawa kawaida. Akakunywa. Akasema leo maji iko na ladha ya mulima. Akakunywa tena.


Siku ya tatu, tarehe 4 mwezi wa ine

Ndani ya avenue batu banahara. Ilianza kwa batoto ya bakimbizi, sasa ni nyumba kwa nyumba. Mama Berthe amelala tangu juzi. Choo zote nilizitosha zimejaa tena. Kwa upande wa kazi siwezi kulalamika, lakini kicheko hakitoki.

Nimemwambia Rébecca achemshe maji yetu yote. Akauliza kwa nini. Nikasema ni sadaka ya Kwarezima. Akaniangalia muda murefu, na Rébecca akiniangalia vile nakumbukaka kazi inje.

Kazi kubwa ni mama yako. Ya kuchemsha hataki. Donc nikatafuta akili. Nilichemsha mwenyewe, nikapoza ndani ya mutungi, nikaloanisha miguu na matope, nikapanda njia ya chemchemi nikihema sawa mutu ametoka chini. Mukaka, nimekuletea, upumzike magoti leo. Akashukuru. Wasingya, wasingya, mukwe mwenye roho. Akaonja. Akatema mpaka ku ukuta.

"Hii maji imekufa," akasema. "Ni wewe uliiua?"

Batoto bakacheka. Mimi pia nikacheka. Akakamata kibuyu yake akashuka.

Kitsa, nilimufuata nusu ya njia. Ningemwambia usikunywe, angeniuliza kwa nini. Unamujua. Ningemwambia kwa nini, mbele ya saa sita avenue yote ingejua, na shu ingezikwa pamoja na jina yangu, Pasaka ikiwa hapa mulangoni. Nikasimama. Nikafikiri vizuri. Nitamwambia kisha Pasaka. Ni siku kidogo tu. Ile mwili yake ni ya zamani, ilipita njaa ngapi, ilipita vita ngapi.

Alipanda tena anaimba. Naandika hii kusudi uone kama sikukuwa mutu bila mawazo.


Siku ya Mungu, tarehe 8 mwezi wa ine, Siku ya Matawi

Mukaka Agar alitembea na tawi yake mpaka kanisani, alikataa kushikwa mukono. Alisema Yesu alikuwa na punda, yeye anatosha na miguu. Batu balicheka. Alirudi, akakunywa.

Mangaribi tumbo ikaanza.

Nimelomba rozari nzima. Nitalomba ingine.


Siku ya ine, tarehe 12 mwezi wa ine

Tuko ku centre de santé, nyumba ya bagonjwa. Batu bamelala mpaka ndani ya couloir, fasi ya kupitia, mikeka hakuna tena, banaleta milango ya nyumba ya kulalia. Seromu, dawa ya maji ya kutundika, imeisha. Camion iliyokuwa inaileta kutoka Beni imesimamishwa ku bariere fulani, hakuna anayejua ni bariere ya nani.

Mama yako amekuwa mudogo. Ngozi ya mukono ukiivuta inabakia vile. Macho iko kazi bado. Alimwambia infirmier kama sindano yake ni ya kushonea magunia.

Nilikimbia kwa Komanda Valentin. Nikamulomba seromu, nikapiga magoti ndani ya matope. Nilifikiri jeshi haikose. Akanionyesha hema: basoda yake bamepangwa chini, bamoja bana miaka ya batoto yangu, hakuna kitu juu yao ila inzi. Akaketi juu ya sanduku ya masasi. Akauliza nitarudi lini kutosha shimo.

Njo Kalala akafika na chupa moja, ya mwisho, ndani ya sanduku yake mwenyewe, aliichunga tangu mbele ya vita. Alimutundikia yeye mwenyewe. Kisha akanivuta inje, karibu na mapipa. Hakupaza sauti.

"Mathe, ni shimo yako."

Nikasema ni vita. Akasema vita pia, ndiyo. Na shimo yako.

Niliporudi ndani, Mukaka Agar akaniuliza mimi nimeweka nini kule juu. Nikasema nitamwambia kesho. Akasema vizuri, kesho, yeye hana safari.


Siku ya Mungu, tarehe 15 mwezi wa ine, Pasaka

Alleluia. Naandika ile neno juu ni siku yake.

Chupa iliisha siku ya tano. Anakunywa maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko, inatoka sawa vile inaingia.

Asubui nilimwambia Rébecca kama ninapashwa kupeleka matoleo, ni ahadi kwa Mungu, pengine Mungu ataona. Aliendelea na kijiko. Nikaenda. Nilikata ile kubwa kupita zote. Niliibeba kifuani sawa mutoto wa kubatizwa. Nikatafuta Maliro na macho ndani ya mustari wa shirika yetu, nilitaka aone. Hakukuwa. Padiri aliiinua na mikono mbili, na mikono ikatetemeka juu ya uzito. Kanisa yote ikapiga makofi. Kanisa ilikuwa nusu tu, bengine bako bagonjwa, lakini walipiga.

Nilikuwa nimengojea ile sauti mwaka muzima. Ilikuwa fupi.

Padiri alinirudishia shu nipelekee bagonjwa. Nikafika nayo ku centre de santé. Na Maliro alikuwa pale. Alikuwa pale tangu asubui, anashika kichwa ya mama yako, na muke yake anamuosha, anabadilisha vitambaa, anavipeleka inje, anarudi. Ule muke ambaye hakuna mutu anamusalimia. Hakunitazama hata kidogo.

Mukaka Agar akafungua macho. Akaona shu. Akaiangalia yote, kutoka juu mpaka chini, sawa anaangalia mukwe mupya.

"Ni kubwa," akasema. "Nani ataikula?"

Hapo nikamwambia. Bajane, bidon, jeshi, shimo, mvula. Yote, mbele ya Maliro na muke yake na dada yako. Alisikiliza mpaka mwisho. Alisema hakuwa anajua kama ladha ya mulima njo ilikuwa ile. Nikafikiri atanitukana. Nilitamani anitukane. Alilomba maji ya chemchemi. Nikamupa ile ya kuchemsha, hakukuwa na ingine ya kumupa. Akaonja. Akasema imekufa. Akakunywa yote.


Siku ya pili, tarehe 17 mwezi wa ine

Mama yako alituacha jana, kabla ya jua kutoka. Leo tumemuzika. Mvula ilisimama kidogo kusudi tumalize.

Kitsa, samehe. 


Siku ya pili, tarehe 1 mwezi wa tano

Shemeji, njia yako inafunguka. Kesho muchuuzi moja anaenda Kasugho na chumvi, amekubali kubeba hii kayé. Rébecca alisema niandike kweli yote, nisipoandika ataandika yeye. Nimeandika. Ni mimi. Uliniachia mama muzima, nakuandikia juu ya kaburi. Unilaani ukitaka, nitasema amina.

Rébecca ananipa chakula na kuangalia ukuta. Kalala na Maliro balifunga shimo na majivu na chokaa, bakazungusha chemchemi na miti, hakuna mutu anachota pale. Shu zote balizing'oa, bakazichoma. Hazikutaka kuwaka. Juu ya shimo bamepanda ndizi, na Kalala amesema hakuna mutu ataigusa mpaka yeye aseme. Mama Berthe alipona. Bengine tisa hapana, na basoda sijue ngapi. Padiri amenipa malipizi: kila asubui nabebea bajane maji na chukudu, kutoka chemchemi ingine, mbali. Nabeba. Banapokea bila kuniambia wasingya.

Nimelia sana, na wakati mutu analia anapata nafasi ya kufikiri. Nimefikiri kosa ilikuwa wapi. Nimeipata, Kitsa. Kosa ilikuwa muteremuko. Kazi yenyewe haikuwa mbaya, wewe mwenyewe ungeiona ile shu. Fasi njo ilikuwa mbaya. Maji inashukaka. Mahali kunyooka, maji ingeshuka iende wapi?

Na nasikia kwenu Kasugho pia bakimbizi bamejaa, donc choo imejaa. Na Komanda Valentin anatuma mutu kila siku kuniuliza, si vizuri nibakie huku sana. Kuko ile bonde yako ya kunyooka, pembeni ya muto. Kumwangilia hata haitakuwa kazi, muto iko pale pale. Ningekuya mimi mwenyewe, nianze kidogo tu, kwa ukumbusho ya mama. Mbegu nilichunga.

Niambie udongo ya pale iko rangi gani, na batu ya kijiji banachota maji fasi gani ya muto, juu ama chini.

Muchuuzi atarudi siku ya posho. Tafazali nijibu upesi.

Mathe, shemeji yako